Daftari la Tatu Kutoka Juu

"Masasi nzima hakuna anayejua maradhi kunizidi mimi," alisema Nurdini, amesimama juu ya kreti la soda ili aonekane vizuri. "Nileteeni mtu yeyote. Nikimtazama tu anavyokanyaga chini, nawaambia huyu anaumwa au huyu anatuchezea. Daktari ana vipimo, mimi nina jicho!"

Watu wakacheka. Hata mwenyekiti wa mtaa, Mzee Awadhi, ambaye meno yake huonekana Idi mbili tu kwa mwaka, alicheka. Na kama kuna siku watu wa Mikorosho Saba walihitaji kucheka, ni hiyo Jumatatu bandani sokoni, kwa sababu barua iliyokuwa imesomwa haikuwa na mzaha hata nukta.

Mikorosho Saba ni mtaa wa pembezoni mwa mji, pale lami inapochoka kufuata watu. Mikorosho yenyewe imebaki miwili, na mmoja hauzai. Kituo kidogo cha polisi kilihamia karibu na stendi. Mashine ya kusaga iliharibika, mwenyewe akaing'oa akaenda nayo kwao Nanganga. Kilichobaki ni zahanati: vyumba vitatu, kitanda kimoja cha kuzalia, na Nesi Bibiana, ambaye nusu ya watoto wa mtaa wametokea mikononi mwake, wengine umeme ukiwa umekatika na yeye ameing'ata simu kwa meno ili apate kumulika.

Barua ilisema wagonjwa ni wachache mno. Alhamisi angekuja mama mmoja mkubwa wa mambo ya afya kujionea kwa macho yake. Mtaa ukaielewa hivi: asipoona watu, nesi anahamishwa, kitanda kinapakiwa, mlango unapigwa kufuli. Sababu ya uchache huo kila mtu aliijua: dawa zilikuwa haziji, na binadamu hapangi foleni kwa ajili ya kuambiwa pole. Lakini kujua sababu hakujazi benchi.

"Basi tuugueni," alisema Nurdini. "Alhamisi, mtaa mzima. Magonjwa nagawa mimi."

Walimwachia yeye kwa sababu kazi yake ilikuwa kusema. Alimaliza kidato cha nne, akawa MC wa harusi, na huko kwenye harusi alikuwa akimwigiza baba wa bi harusi mpaka baba mwenyewe anaomba poo. Basi akagawa magonjwa kama mtu anayegawa ubwabwa wa shughuli: huyu kikohozi, huyu macho, yule kuharisha. Kijana mmoja alipojitetemesha kuonyesha malaria, Nurdini alimkatiza: "Hiyo siyo homa, hiyo ni aibu. Rudia."

Alipofika kwa Mzee Salmini, alifikiri kidogo. Salmini alikuwa mlinzi mstaafu wa ghala la korosho, na sifa yake ilikuwa moja: ukimwagiza, umemwagiza. Mwaka mmoja bosi wake alimwambia asibanduke getini mpaka atakaporudi. Bosi akapatwa na msiba, akakaa siku mbili. Salmini alikutwa palepale getini, amelowa kwa mvua chapachapa, na kibanda cha mlinzi kiko hatua nne nyuma yake.

"Wewe babu, kiharusi," alisema Nurdini. "Mdomo umekwenda upande. Huongei. Alhamisi ukishakaa, usifungue mdomo mpaka nikwambie mimi. Hata siafu wakikuingia."

"Hata siafu wakiniingia," alisema Salmini, akaufunga kwa majaribio.

Wa mwisho alikuwa Somoe, Mama Shamila, mjane anayekaanga mihogo mbele ya geti la zahanati. Yeye na Nurdini walikuwa watani, ukoo kwa ukoo, tangu enzi za babu zao. Wasipotukanana asubuhi, mtaa huuliza nani kasafiri.

"Mama Shamila, wewe mgongo."

"Mgongo ninao wa kweli, mtani. Nipe kitu kipya."

"Kitu kipya kwa sura hiyo? Chukua mgongo, shukuru."

Akawafundisha na neno la kumwambia mgeni. "Msimwage maneno. Mgonjwa wa kweli hana hadithi. Unaweka mkono kifuani, unashusha sauti, unasema: 'Leo ni kweli.' Basi!" Wakajaribu wote kwa pamoja, watu arobaini na tatu, mikono vifuani, "Leo ni kweli," mpaka mbuzi waliokuwa wakilala kwenye kivuli cha banda wakainuka wakaondoka.

*

Pale zahanati wanaopanga foleni si watu, ni madaftari. Kila mgonjwa huja na daftari lake la shule la kuandikiwa matibabu, hulichomeka chini ya yaliyotangulia kwenye meza ya mlangoni, kisha huenda kukaa anapotaka. Nesi huchukua la juu, anasoma jina, anaita. Hakuna anayegombea nafasi. Daftari ndilo linalokusubiria.

Alhamisi, nesi akiwa chumba cha ndani, Nurdini aliisimamia meza mwenyewe, amevaa koti jeupe aliloazima kwa muuza nyama na kulifua mara mbili bila mafanikio makubwa. Pembeni ya meza, kwenye kiti, aliketi Mzee Salmini na fimbo yake, mdomo umekwenda upande kama alivyoagizwa.

Somoe alikuwa amewahi, na daftari lake lilikuwa la tatu kutoka juu. Alitoka kule vyooni anatembea ameshika ukuta, jasho linamtiririka mpaka kwenye shingo ya gauni, na asubuhi hiyo kulikuwa na baridi ya Juni.

Nurdini alimtazama, akapiga makofi ya kimya. "Ama kweli! Mimi nimekupa mgongo, wewe umeniletea duka zima."

"Mtani, mkono huu mzito," alisema Somoe. "Na hapa pananibana. Mwambie nesi anione."

"Punguza, Mama Shamila. Umezidisha."

"Sichezi. Leo ni kweli."

Waliokuwa karibu waliangua kicheko. Nurdini alicheka mpaka akashika meza. "Mwenyewe mkono kifuani! Sikuwafundisha bure!"

"Wallahi, Nurdini. Leo ni kweli."

Hapo akaona ni lazima amweke sawa. Akainama, akamnong'oneza kwa ukali: "Sikiliza. Mgeni akikukuta hivi atasema hawa ni wagonjwa wa hospitali kubwa, zahanati haiwawezi. Utatufungia mlango. Kaa kule mwisho, ukutani, upumzike kuigiza." Akalivuta daftari lake la tatu kutoka juu, akalichomeka chini kabisa ya arobaini na mawili.

Kulikuwa na sababu nyingine ndogo, hakuisema. La tano kutoka juu lilikuwa lake yeye mwenyewe. Alikuwa ameandaa kifafa chenye povu, kifafa cha kukumbukwa, na hakuna msanii anayependa kupanda jukwaani baada ya mtu anayemzidi.

Ko, ko, ko. Mzee Salmini alikuwa anagonga sakafu kwa fimbo, macho yamemtoka.

"Mnamwona babu?" Nurdini aliwaambia watu. "Huyo ndiye mgonjwa! Kiasi, bila kelele. Hebu mwigeni."

Somoe alikwenda kukaa mwisho, akaegemeza kichwa ukutani.

Mgeni alifika saa nne. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye viatu vya kazi, na kumbe kabla ya kupewa ukubwa alikuwa nesi miaka ishirini. Alivisikiliza vifua viwili vitatu, akayatazama macho ya wenye macho, hakusema kitu. Ndipo Nurdini, bila kungoja jina lake, akajibwaga sakafuni, akarusha miguu, povu jeupe likamtoka.

Mgeni alichuchumaa karibu yake, akanusa.

"Huyu kijana mpeni maji asukutue," alisema. "Povu lake ni dawa ya meno. Ya mnanaa."

Mwenyekiti Awadhi aliyatazama kupitia dirishani mawe makubwa ya Masasi kule juu kana kwamba anachagua pa kujificha. Halafu mgeni akaanza kutikisika mabega, akacheka, akacheka mpaka akavua miwani.

"Jamani watu wa Mikorosho Saba! Nani kawaambia zahanati inafungwa? Barua ile ilikuwa ya kuuliza. Ya kuibakisha nimeisaini tangu juzi. Leo nimekuja kutazama paa."

Mlipuko wa kelele. Wenye kuharisha walirukaruka. Kikohozi kilipona, macho yakafumbuka, mwenye mguu alimkumbatia mwenye tumbo. Mgeni akapita katikati yao akishikana mikono, anawatania kila mmoja, mpaka akafika mwisho wa benchi, kwa mama aliyefumba macho na kuegemea ukuta.

"Na wewe mama, wewe walikupa ugonjwa gani?"

Somoe alifumbua macho. Ilimchukua muda. Akainua mkono, akauweka kifuani.

"Leo ni kweli," alisema.

Zahanati nzima ilivunjika mbavu. Mgeni naye alicheka, akampigapiga begani, akasema, "Mama huyu apewe zawadi," akaenda kutazama paa. Kisha akapanda gari, akaondoka kwa vigelegele. Watu wakachukua madaftari yao mezani, kila mtu lake, wakatoka nje kucheza. Mezani likabaki moja.

Nesi Bibiana, ambaye kazi kwake ni kazi, alilichukua akaita: "Somoe Hamisi!"

Akarudia kwa sauti zaidi:

"Somoe Hamisi!"

Nurdini alikuwa mlangoni, bado ana ladha ya mnanaa mdomoni. Alimwona ameketi vilevile, mkono kifuani, kidevu kimeshuka. "Mama Shamila, mgeni kashaondoka!" Akaanza kupiga makofi. "Anajua huyu! Mpigieni!" Na waliokuwa dirishani wakampigia. Walipiga makofi mpaka Nesi Bibiana alipofika pale, akashika shingo, akashika mkono, akageuka akawatazama. Makofi yalikoma moja moja, kama mvua inavyokatika kwenye bati.

*

Shamila aliitwa kutoka Newala alikoolewa. Alifika Ijumaa asubuhi, akakuta kaburi limeshachimbwa.

Siku ya tatu, alasiri, watu walikaa kwenye mikeka uani kwa marehemu, wanawake upande wa barazani, wanaume upande wa mwembe mdogo uliokufa. Mtani ana kazi yake msibani, na kazi hiyo haisubiri mtu ajisikie. Wakamwambia Nurdini: kamwage utani.

Akasimama. Akamwigiza marehemu anavyogeuza mihogo, anavyomfukuza kuku, anavyohesabu chenji kwa kulamba kidole. Wanawake walilia na kucheka kwa pumzi moja. Shamila mwenyewe alifuta machozi kwa ncha ya kanga, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nurdini aliliona lile tabasamu. Likamlevya.

"Nurdini," aliuliza Shamila kutoka barazani. "Wewe ulikuwa mezani. Mama alisema anaumwa?"

Wengi waliocheka siku ile waliangalia miguu yao.

"Dada Shamila, angesema mimi nisingesikia?" alisema Nurdini. "Alikuja kachelewa, masikini. Daftari lake la mwisho kabisa. Mimi nikamwona, nikajua, unajua mimi jicho ninalo. Nikamwambia, Mama Shamila, pita mbele ya watu wote. Akakataa! Akasema, mtani, foleni ni foleni. Alikaa hivi." Akaketi kwenye mkeka, akaegemeza kichwa kwenye mti, akaweka mkono kifuani, barabara kabisa, mpaka mwanamke mmoja akapiga ukunga. "Hivi. Hakulalamika. Alikwenda kama malkia."

"Alhamdulillahi," alisema Shamila, polepole, kama mtu anayetua mzigo. "Basi hakuteseka kuomba."

"Hakuomba hata! Si mashahidi wapo?" Nurdini alitupa macho huku na huku akitafuta wa kumpa kicheko cha kufungia, akamwona Mzee Salmini pembeni, fimbo magotini, mdomo bado umekwenda upande. Mkewe alikuwa ameshawaambia watu kwamba tangu Alhamisi mzee hajatamka neno, chakula anaomba kwa kidole, na kwamba huenda kiharusi cha mzaha kimemwingia kweli. "Babu Salmini alikuwa ubavuni kwangu! Eti babu? Sema basi, babu, waambie!"

Mzee Salmini alimtazama. Mdomo ukarudi mahali pake taratibu, upande mmoja kwanza.

"Umeniruhusu?" aliuliza.

Mkewe alishika kichwa.

"Uliniambia nisifungue mpaka uniambie wewe," alisema Salmini. Sauti ilikuwa na kutu ya siku tatu. "Nilingoja uniambie siku ile. Hukuniambia. Niligonga fimbo, ukasema watu waniige." Akageukia barazani. "Mwanangu Shamila, mama yako hakuchelewa. Daftari lake lilikuwa la tatu kutoka juu. Alisema mkono mzito. Alisema mwambie nesi anione. Alisema leo ni kweli, mara mbili, na ya pili aliapa. Huyu akalitoa daftari akalitia chini ya yote. Nililihesabu kwa macho likishuka."

Shamila hakulia. Alishuka barazani, akavuka uwanja katikati ya mikeka ya wanaume, akasimama mbele ya Nurdini, akawa anamtazama kwa makini, kama anayetafuta pale alipokaa mama yake.

Nurdini alikuwa bado ameegemea mti. Mkono ulikuwa bado kifuani. Alijaribu kuuondoa, akaona watu wote wanautazama, akauacha.

"Niendelee," aliuliza Mzee Salmini, "au nifunge?"