Barua za Uwimbabazi Nyuma ya Jiko

Alhamisi ilikuwa siku ya barua Nyabiyonza. Saa tatu asubuhi Rwegasira, katibu wa chama cha msingi cha kahawa, alifungua dirisha la ofisi, akaweka mzani mkono wa kulia na boksi la barua mkono wa kushoto. Kijiji kizima kilitumia sanduku la posta la chama, S.L.P. 46, kwa kuwa hapakuwa na jingine. Mwenye barua alitaja jina, akapimiwa kahawa yake, akapewa barua. Asiye na kahawa, barua yake ilirudi kwenye boksi. Katibu alianzisha utaratibu huo mwaka 1984, watu walipozidi kuvusha kahawa mpakani kwa magendo, na hakuna aliyemwambia aufute.

Mukabera alifika dirishani, kama Alhamisi zote tangu Septemba.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba, Mama Uwimba. Barua zako zipo, mbili, za Bulgaria. Kahawa umeleta?"

"Unajua sina."

"Basi Alhamisi ijayo."

Hakuwa na mbuni hata mmoja. Yeye na mumewe Athanasi, watoto wa watu waliotoka Rwanda zamani, walikuwa vibarua, na kahawa walichuma ya wengine. Kahawa iliyopita mikononi mwa Mukabera ilikuwa imekwisha komboa barua za nusu ya kijiji. Binti yao Uwimbabazi, alipopata nafasi ya kwenda Bulgaria kusomea udaktari wa mifugo, alijaza anwani kama alivyoona kila mtu akijaza, S.L.P. 46. Mzani hakuukumbuka.

Jumatatu iliyofuata mgomba ulio nyuma ya jiko ulidondosha gamba moja la ua lake, lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu. Magamba hayo huanguka moja moja kila siku, na Mukabera aliliokota ampe mbuzi. Upande wa ndani, kwenye wekundu, palikuwa na mwandiko wa Uwimbabazi kwa wino wa bluu. *Mama mpendwa, shikamoo. Nimefika salama. Huku baridi inauma masikio.* Hapo gamba likaisha.

Mbuzi alipewa maganda ya ndizi. Mukabera alisomea kisomo cha watu wazima, herufi bado zilimtoa jasho, na gamba moja kwa siku lilikuwa mwendo wake hasa. Jumanne alisoma kwamba bwenini kuna simu moja, ghorofa ya chini, na wasichana mia mbili wanaingojea. Jumatano, kwamba posta ya kule haikupi simu ya nchi za mbali mpaka ujaze fomu, uonyeshe pasipoti na upange foleni wiki mbili kabla. Athanasi alisikiliza yote, akauliza kama kuna lolote kuhusu viatu. Viatu vilikuja Ijumaa: amepata, vya manyoya.

Kila gamba walilisoma, wakalikausha darini juu ya jiko, wakalipanga kwenye kapu. Barua ya kwanza ilikuwa magamba tisa, ya pili kumi na moja. Anwani ya kumjibu ilibaki kwenye bahasha, ofisini kwa katibu. Majirani walichosema ni kuhusu mkungu tu. Pale kijijini ua hukatwa mapema ili ndizi zinenepe, na ndizi za Athanasi zilikuwa nyembamba za kutia aibu.

Katikati ya Novemba barua ya tatu ilianza, na haikuanza kwa shikamoo. *Mama, hamjanijibu hata mara moja. Kama umekufa, naomba wasinifiche.* Gamba la pili: *Nimeomba simu. Jumamosi tarehe 22 nitapiga Posta ya Kayanga. Nisipoisikia sauti yako nafunga begi, narudi. Masomo basi.* Mukabera akakaa chini kwenye majivu. Miaka saba alibeba matofali ya watu ili yule mtoto asome.

"Saa ngapi?" Athanasi aliuliza.

"Saa haijaandikwa."

Alhamisi mvua ilinyesha mchana kutwa na gamba halikuanguka. Athanasi alichukua panga ili alifunue ua mwenyewe. Alibandua gamba moja, akakuta ndani wekundu mtupu na vile viua vidogo vyenye utomvu.

"Liache," Mukabera alisema. "Barua haijaiva."

Ijumaa jioni jua lilitoka kidogo, gamba likanyanyuka, likajikunja, likaanguka. *Saa nne asubuhi,* liliandikwa. *Tafadhali, Mama.*

Jogoo wa kwanza alimkuta Mukabera njiani, viatu kichwani, matope mpaka magotini. Alifika Kayanga saa nne kasoro robo. Joviana, karani wa posta, alimkalisha kwenye benchi bila kumuuliza jina. Saa nne na dakika sita simu ililia.

"Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi."

Kikaja kilio, kisha wote wawili wakacheka na kulia kwa pamoja, na Joviana akajifanya anapanga stempu.

"Barua zangu mmezipata?"

"Tumezipata. Ya tatu haijaisha."

Uwimbabazi hakuuliza haijaishaje. Alikulia kijijini.

"Nimeshafunga begi, Mama."

"Lifungue."

Joviana akachukua simu, akaandika anwani ya Uwimbabazi, kisha ikakatika. Mukabera akanunua karatasi moja ya barua na bahasha ya ndege, akaandika majibu palepale kaunta, herufi kubwa kubwa. Kurudi Nyabiyonza hakuhisi kilima hata kimoja. Roho ilikuwa imetulia tuli, na njiani aliimba nyimbo za kanisani, nyingine akiziruka beti.

Habari zilimfikia Rwegasira. Alikuja na muhuri wa chama, akakagua kapu, akasema barua zilizoandikiwa S.L.P. 46 hazina budi kupita ofisini. Akagonga muhuri magamba yote, moja moja, akashukuru kwa uji, akaondoka.

Kufikia Krismasi hakuna aliyekata ua la mgomba kijijini. Mwanakijiji mmoja, Projest, alisoma kwenye magamba ya mgomba wake habari za ndugu yake aliyeko Mwanza, na mjane wa jirani akapata barua ya mwaka juzi. Ndizi zikawa nyembamba kila kibanja, kila shamba la migomba, na watu wakazila hivyo hivyo.

Alhamisi Mukabera bado alikwenda dirishani.

"Shikamoo, katibu."

"Marahaba. Zako sasa ni tano. Kahawa?"

"Sina."

"Basi Alhamisi ijayo."

Aliinamisha shingo akazitazama bahasha tano zenye stempu za Bulgaria, akaona zote ni kavu na hazijaliwa na panya. Kisha akaharakisha kwenda nyumbani kuzisoma.