Kigingi cha Mlangoni

Nelsy Tibaquirá alijua amechomwa na mwiba pale tu alipoona damu kwenye karatasi ya kufungia maua. Maumivu hayakuwapo. Tangu zile dripu za mwisho, ncha za vidole vyake zilikuwa kama za mtu mwingine, na kila asubuhi aliviangalia vikifanya kazi kana kwamba anamsimamia kibarua mgeni.

"Nelsy! Unanipakia nyama au unanipakia maua?" Edilma, msimamizi wa zamu, alilichomoa lile fungu la waridi jeupe na kulitupa kwenye pipa. "Fungu zima hilo limekwenda. Wagringo wa ng'ambo wanataka waridi la mapenzi, hawataki la ajali."

Wanawake wa meza ya pili walicheka, kisha wakainamia maua yao walipokumbuka ugonjwa wake. Zilikuwa zimebaki wiki tatu kabla ya Siku ya Wapendanao. Mashamba yote ya mji wa Facatativá, nje kidogo ya Bogotá, yalikuwa yakikata maua kuanzia alfajiri, na aliyeumwa alikuwa anawaumiza wenzake. Nelsy alijifunga kitambaa kidoleni, akavuta fungu jingine.

Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, ishirini na miwili kati ya hiyo ameitumia chini ya mapaa ya plastiki ya shamba lile lile. Saratani ya mifuko ya mayai ilipogunduliwa, walimpasua, wakamtia dripu, wakamwambia amepona. Miezi kumi na minne baadaye tumbo likaanza kujaa tena. Dripu nyingine sita. Sasa picha za vipimo zilikuwa kimya, hazionyeshi uvimbe, na ukimya huo ndio uliompeleka kwa Dokta Pinzón, huko Bogotá, akiwa na binti yake Yohana.

Daktari aliongea haraka, jicho moja likiwa kwenye saa ya ukutani, kwani kila mgonjwa alipewa dakika kumi na mbili.

"Mama Nelsy, dripu zimefanya kazi. Lakini ugonjwa ukisharudi mara moja, hupenda kurudi tena. Kuna mambo mawili. La kwanza, tukae tunauangalia. La pili, vidonge vya kila siku. Haviponyeshi, nisikudanganye. Ni kigingi tunachokiweka mlangoni."

"Kitashika mpaka lini?"

"Wengine mwaka. Wengine miaka mitatu, minne. Kipimo chako cha vinasaba vya kurithi kinaonyesha wewe ni katika wale wanaofaidika zaidi. Ila vitakuchosha. Vitapunguza damu, vitakutia kichefuchefu. Wachache sana, miaka ikipita, hupata saratani nyingine, ya damu. Na ukikubali, uanze kabla ya wiki nane kutoka dripu ya mwisho. Leo ni wiki ya tatu."

Nelsy alimtazama. Daktari alikuwa msichana tu, hata mikunjo ya macho hajapata.

"Dokta, mwanangu, angekuwa mama yako ungemwambiaje?"

Kalamu ilisimama. "Ningemwambia avinywe," alisema taratibu. "Lakini mama yangu ana bima nyingine."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema nje kunanyesha.

Jioni ile, jikoni kwao, Yohana alichemsha maji ya sukari guru, akamwekea mama yake kikombe mbele. Nelsy alikizungusha kikombe hadi mvuke ukaisha.

"Nimechoka kuwa mgonjwa," akasema. "Wakisema tuangalie tu, nitapata miezi kadhaa ya kula chakula na kusikia ladha yake. Nitakwenda kwa dada yangu, kule Chiquinquirá. Nikivinywa, kila siku nitajikumbusha."

"Na usipovinywa hutakumbuka?"

"Usinijibu kama wakili."

"Najibu kama mwanao." Yohana hakuinua macho. "Mama, mimi sijapimwa hicho kipimo cha kurithi. Nimeomba kibali cha bima tangu Oktoba. Gonjwa hili likinikuta, nataka niwe nimemwona mtu aliyepigana nalo. Basi."

Nelsy alikunywa ile sukari guru iliyopoa. "Nitavinywa," akasema.

Alidhani uamuzi mgumu umekwisha.

Wiki ya nne aliitwa ofisi ya wafanyakazi. Bibi Marcela Uscátegui, mkuu wa ofisi hiyo, alimpa kiti, akampa na kahawa, na Nelsy akaogopa, kwa sababu katika miaka ishirini na miwili hakuna aliyewahi kumpa kahawa ndani ya ofisi ile.

"Mama Nelsy, wewe ni familia hapa. Tumesikia unaanza dawa mpya. Kila wiki mbili kwenda Bogotá kupimwa damu, sivyo? Na msimu ndio huu." Akasogeza karatasi. "Tumeona upumzike. Ni makubaliano ya hiari, pande zote mbili. Unaondoka na heshima yako na kitu kidogo mkononi."

"Nikiondoka, bima yangu?"

"Utahamia ile ya serikali. Hakuna anayeachwa barabarani."

"Na kibali cha vidonge nilichoombewa?"

Bibi Marcela alitabasamu kama anayembembeleza mtoto. "Kitaanza upya, nadhani. Mambo ya bima siyajui."

Kwa hiyo vidonge vilitaka bima, bima ilitaka kazi, na kazi ilitaka mwili ambao vidonge vingeuchosha. Nelsy aliigeuza karatasi, akailaza uso chini.

"Kama ni hiari, bibi, basi mimi sina hiari hiyo."

"Fikiri vizuri. Kuna watu wanakutakia mema hapa."

Kesho yake alihamishiwa chumba cha baridi, kubeba ndoo za maua yanayosubiri lori. Edilma alimpelekea koti la sufu bila kumtazama usoni. "Mimi sikusema kitu," alinong'ona. "Ujue hilo." Nelsy alilipokea koti, asiulize ni kitu gani hicho ambacho hakusema.

Wiki ya tano bima ilirudisha maombi: fomu ilikuwa ya zamani. Wiki ya sita walisema ripoti haina saini ya kamati. Kamati hukutana Alhamisi, na Alhamisi ile haikukutana. Dokta Pinzón aliandika barua mbili, ya pili akaipigia mstari mwekundu. Yohana alikwenda mahakamani kuomba amri ya hakimu, akapanga foleni na watu wenye bahasha za picha za mapafu, za figo, za watoto wasiotembea. Hakimu aliamuru dawa itolewe ndani ya saa arobaini na nane. Zilipita siku tisa.

Katika siku hizo Nelsy alianza kuamka na kujibonyeza tumbo. Upande wa kushoto, chini ya kovu. Siku moja alihisi kitu, siku ya pili hakukihisi. Hakumwambia Yohana.

Zikiwa zimebaki siku mbili wiki ya nane itimie, simu ililia: dawa imefika. Akaomba ruhusa, akakatwa mshahara wa siku hiyo, akaenda. Duka la dawa la bima lilikuwa ukumbi mrefu wenye viti vya bati na kioo kikubwa ukutani kinachoonyesha majina. Alisubiri saa tano. Jina lake lilipotokea aliinuka haraka, akaenda dirishani.

Kijana wa dirishani aliweka boksi moja.

"Yameandikwa mawili," Nelsy alisema. "Viwili asubuhi, viwili jioni. Hili ni la wiki mbili tu."

"Limekuja moja. Saini hapa."

Aliisoma ile karatasi mstari kwa mstari. "Hapa pameandikwa nimepokea mawili."

"Mfumo haukubali nusu, mama. Ukisaini, hilo la pili litafuata."

"Nikishakiri nimelipokea, nani atalileta?"

Kijana alishusha pumzi. Macho yake yalikuwa mekundu. Naye alikuwa hapo tangu asubuhi. "Usiposaini narudisha hili bohari. Amua, watu wanangoja."

Nelsy alisaini.

Alirudi kwenye kiti, akampigia Dokta Pinzón kumuuliza: anywe dozi nzima kwa wiki mbili kisha akae hivi hivi, au anywe nusu ili dawa ifike mwezi? Sauti ya mashine ilimwambia achague moja, mbili au tatu. Alichagua moja. Ukapigwa muziki. Muziki ulikuwa ungali unapigwa mlinzi aliposimama mbele yake.

"Mama, samahani. Hivi viti ni vya wanaosubiri."

"Nasubiri, baba. Niko kwenye simu na daktari."

Mlinzi alielekeza kidole kwenye kioo. Jina lake lilikuwa limegeuka rangi ya kijani, na pembeni yake: AMEHUDUMIWA KIKAMILIFU.

"Wewe umeshamaliza, mama."

Nelsy aliinuka, boksi likiwa kifuani, simu ikiwa sikioni. Mwanamke aliyekuwa amesimama nyuma, kichwa kimefungwa kitambaa, nyusi zote zimepukutika, alilitazama lile boksi kama mwenye njaa anavyotazama sahani ya jirani, kisha akakaa kabla kiti hakijapoa.