Wasikilizaji wa Viti vya Mbele

Taa ya ukumbi ule ilikuwa ya samawati, na haikuwekwa ili imulike. Iliwekwa ili ifiche. Ilificha madoa ya zulia, ikaficha rangi iliyobanduka ukutani, ikaficha makunyanzi ya nyuso zenu na poda mliyoipaka juu ya makunyanzi. Chini ya taa ile kila kinywaji kilionekana cha thamani, na kila mpumbavu alionekana mtu mwenye mawazo mazito.

Nawakumbuka, nyinyi wa viti vya mbele. Nilikaa kwenye piano miaka tisa, ubavu wangu umeelekea kwenu, na piano ni mahali pazuri pa kuwatazama watu wasiokutazama. Nawajua kwa viatu vyenu. Nawajua kwa jinsi mlivyofumba macho wimbo ulipoanza, mkatikisa kichwa nje ya mapigo, kisha mkafumbua jicho moja kuona nani amewaona. Mlikuja kusikiliza jazi. Ndivyo mlivyowaambia wenzenu kazini. Mkakaa mkisimuliana habari za viwanja na safari za ndege na wake za watu, na sisi tukapiga chini ya maneno yenu, kama bomba linalovuja chumba cha pili.

Lakini wimbo ukikoma, mlipiga makofi. Kwa makofi hamkuwa na mfano.

Mpiga tarumbeta alikuwa mjomba wangu, kaka wa mama yangu, tumbo moja. Ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ndiye aliyenichorea vitufe vya piano kwa chaki juu ya meza ya chakula, miaka mingi kabla hatujaisogelea piano ya kweli, na ndiye aliyenigonga vidole kwa mwiko kila nilipoharakisha. Mtu mwembamba, mcheshi, mwenye suti moja ya kijivu aliyoipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakumwamini binadamu mwingine kwa mkunjo wa suruali yake. Alipopuliza hakupayuka. Alinong'ona. Ilibidi mtu anyamaze ndipo amsikie, na kunyamaza nyinyi hamkujaliwa.

Mwenye ukumbi tulimwita Miwani, kwa kuwa alivaa miwani ya jua usiku, ndani ya nyumba, chini ya taa ya samawati, akijikwaa kwenye viti vyake mwenyewe. Miwani aliupenda muziki kama mtu anavyopenda mapazia: yawepo, yapendeze, yasiwazibie njia wahudumu.

Ngazi za nyuma, zile tulizopandia sisi wa kazi, hazikuwa na taa yoyote, ya samawati wala ya rangi nyingine. Tulilisema hilo mara nyingi, tukajibiwa kwamba fundi atakuja. Jioni moja ya mvua mjomba aliteleza pale, tarumbeta amelikumbatia kifuani. Angeliachia angejikinga kwa mikono. Hakuliachia. Tarumbeta halikupata hata mchubuko. Meno yake matatu ya mbele yalibaki kwenye ngazi.

Asiyejua atasema meno ni ya kutafunia. Kwa mpiga tarumbeta, meno ndiyo ukuta midomo inaouegemea. Ukuta ukianguka pumzi hutawanyika, na kinachotoka ni upepo mtupu. Daktari wa meno alimweleza kwamba yapo ya bandia, lakini hata akiwekewa, itambidi ajifunze upya kama mtoto. Mjomba alikuwa na miaka sitini na minne. Alirudi nyumbani, akaliweka tarumbeta juu ya kabati, akalifunika kwa taulo.

Siku ya tatu Miwani alikuja kwetu na matunda kwenye mfuko. Alieleza mpango wake akiwa amesimama mlangoni, hata hakuketi. Fundi mitambo alikuwa na mazoea ya kurekodi kila tulichopiga, kila ala peke yake. Sauti ya tarumbeta ya mwaka uliopita ilikuwepo, safi kabisa. Mzee aje, akae kwenye kiti chake, ainue tarumbeta, achezeshe vidole, na spika ifanye kazi iliyobaki.

"Watu wanakuja kumwona," Miwani alisema. "Si lazima wamsikie."

Nilitaka kumrudishia matunda yake usoni. Nilimtazama mjomba, nikingoja aanze yeye. Mjomba alifikiri kidogo, akacheka, mdomo ameuziba kwa kiganja kama alivyozoea tangu aanguke. Akakubali.

"Nimewapulizia miaka arobaini hawakusikia," aliniambia Miwani alipoondoka. "Sasa nitapumzika, nao hawatasikia. Tofauti iko wapi, mwanangu?"

Basi tukaanza. Mpiga besi, mpiga ngoma na mimi tulilifuata tarumbeta la spika kama abiria wanaolikimbilia basi lililokwisha kuondoka. Halikutungoja. Halikutusikia. Zamani mjomba alipotaka kuichelewesha sauti aliniinulia nyusi, nami nikamngoja, na ule muda mdogo wa kungojana ndio uliokuwa muziki wetu. Sasa nyusi zilikuwa za leo na sauti ilikuwa ya mwaka jana. Alikaa ndani ya suti yake ya kijivu, mashavu ameyatunisha. Mara nyingine alichoka mapema, akalishusha tarumbeta magotini, akapangusa mdomo, na sauti ikaendelea kutoka darini bila mwenyewe.

Mkapiga makofi.

Tarumbeta liko magotini, sauti iko juu, nanyi mko hatua mbili mbele yake, mmefumba macho kwa utamu. Yule bwana wa tai ya kipepeo, aliyekuja kila Ijumaa kuwafafanulia wanawake wa meza yake maana ya kila wimbo, alimfuata mjomba akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Alimwambia kwamba siku hizi anapuliza kwa hisia kuliko zamani. Mjomba akainamisha kichwa, midomo ameifunga asionyeshe pengo, na yule bwana akarudi mezani akisifu unyenyekevu wa wasanii wakubwa.

Usiku huo mimi na mjomba tulicheka njia nzima. Nakiri. Dharau ni tamu ukiila na mwenzako. Tuliwaigiza mnavyotikisa kichwa, tukawaigiza mnavyoshika glasi kwa vidole viwili, na sikujiuliza hata mara moja mimi ni nani wa kuwacheka watu, mimi niliyekuwa naipigia piano mashine.

Nyuma ya jukwaa, upande wangu, palikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na nyuma ya kidirisha alikuwepo mama mmoja wa kuosha vyombo. Sikuwahi kumwona zaidi ya mikono: mikono iliyovimba kwa maji na sabuni, ikipokea glasi zenu zenye alama za midomo. Hakuruhusiwa kupita ukumbini. Jukwaa alikuwa hajaliona kwa macho yake. Wiki ya tatu, tulipokuwa tunafungasha, aligonga kidirisha kwa ukucha, akanipa chupa iliyoviringishwa kitambaa. Bado ilikuwa ya moto. Maji ya ndimu na asali.

"Dada, mpe mzee," alisema. "Kifua chake hakiponi. Kila siku anakohoa palepale, wimbo wa tatu, kabla haujapanda."

Sikumwelewa. Kisha nikamwelewa, na chupa ikaniunguza mkononi. Siku aliporekodiwa mjomba alikuwa na mafua. Katikati ya wimbo wa tatu pumzi ilimkata, kikamtoka kikohozi kidogo, cha kujibana, kama cha mtu aliye kwenye ibada. Mimi niliyekaa karibu na spika sikukisikia. Mpiga ngoma hakukisikia. Nyinyi hata tusiwataje. Mwanamke mwenye mikono ndani ya sinki, bomba linamwaga maji, mpishi anagombana na wahudumu, ndiye aliyekisikia siku baada ya siku, akamwonea mzee huruma, akakamua ndimu.

Nilimpa mjomba chupa tukiwa njiani, nikamsimulia ilikotoka. Nilidhani atacheka. Alisimama. Aliifungua chupa, akainywa yote palepale barabarani, akaifunga, akaitia mfukoni. Tulipokaribia nyumbani aliniuliza yule mama yupo jikoni tangu lini. Sikujua, na niliona haya kutojua. Kesho yake alimuuliza mpishi, akaambiwa ni miaka sita.

"Miaka sita," aliniambia, taulo la kwenye kabati ameliinua kwa mkono mmoja. "Kumbe kulikuwa na mtu."

Ilikuwa Ijumaa, na mlikuwa mmejaa. Tulipiga wimbo wa kwanza na wa pili kwa utaratibu wetu wa uongo. Wa tatu ulipofika mjomba alimwinulia fundi mitambo mkono, na fundi, sijui kwa nini, pengine naye alikuwa amechoka, akaizima mashine. Mjomba akasimama. Akaugeuza mgongo wake kwenu, akaelekea kwenye kidirisha, akaliweka tarumbeta mdomoni.

Ulitoka upepo. Ulitoka mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta. Yalitoka mate. Alivuta pumzi, akaanza tena, na tena, akiutafuta wimbo kama mtu anayetafuta funguo gizani kwa kupapasa. Kisha akaniinulia nyusi. Nikamngoja. Kwa muda mfupi sana, chini ya upepo ule wote, ilisikika sauti nusu, iliyopinda, ya kwake. Midomo ilikuwa imeanza kutoka damu. Na pale kwenye kidirisha mikono miwili ilitokeza, haina sahani, haina glasi, ikatulia juu ya ubao.

Ukumbi ukanyamaza. Miaka tisa, na ndiyo mara ya kwanza. Nikadhani, Mungu anisamehe, nikadhani mmeelewa.

Mkapiga makofi.

Mkasimama na kupiga makofi. Mkapiga mbinja. Bwana wa tai ya kipepeo alipanda juu ya kiti akawatangazia wenzake kwamba hii ndiyo jazi ya kweli, jazi inayouchuna muziki mpaka mifupa. Mwanamke mmoja alilia, kisha akatoa simu akajipiga picha kabla machozi hayajakauka. Mzee alikuwa anamwomba radhi mama wa vyombo kwa mdomo wenye pengo, tena amewapa mgongo, nanyi mkaona ni mtindo. Niliwahi kuwadharau kwa kutosikia. Siku ile niligundua kuna kibaya zaidi: hakuna kitu mtu angeweza kuwafanyia, hata kujivunja mbele yenu, ambacho msingekimeza pamoja na barafu.

Miwani alitukuta nyuma ya jukwaa. Alikuwa ameivua miwani, na macho yake yalikuwa madogo, mekundu, yenye furaha.

"Kesho iwe hivihivi," alisema. "Usibadilishe kitu, mzee. Hata ile damu."

Mjomba alijifuta kwa leso. Hakupandisha sauti. Alimwambia Miwani atafute mtu mwingine wa kuonyesha watu, na kwamba amwekee huyo mtu taa kwenye ngazi. Kisha akasukuma mlango wa jikoni, ambao sisi wa muziki hatukuwahi kuupita, nami nikamfuata.

Mama wa vyombo alikuwa mfupi kuliko nilivyofikiri, na mkubwa kwa umri kuliko mimi. Mjomba alisimama mbele yake kama mwanafunzi aliyechelewa. Alimweleza yote: ngazi, meno, mashine, kikohozi cha mwaka jana. Alimwambia amemdanganya wiki tatu na anaomba msamaha. Mama alikausha mikono kwenye aproni, akatafakari. Akasema alikuwa akishangaa mbona piano siku hizi inakimbia. Zamani ilikuwa na subira.

Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Hakujua kwamba piano ni mimi, au alijua. Hakuna aliyewahi kunisema vibaya hivyo, wala kunisikia vizuri hivyo.

Nami niliacha kazi ile wiki iliyofuata. Sasa nafundisha watoto shuleni, piano mbovu yenye vitufe sita visivyolia, nao hunisikiliza zaidi yenu. Ukumbi nasikia bado unajaa. Nasikia Miwani amempata mwingine wa kupuliza upepo, mwenye meno yote, na kwamba mnasimama kumpigia makofi kila Ijumaa. Hongereni. Mmepatana.

Mjomba alipata meno ya bandia. Yanambana, anayatukana, anayavua wakati wa kula. Jirani wa juu amekwisha kulalamika mara mbili. Mwezi wa kwanza alitoa milio ya bata; wa pili, wa tatu, ukaanza kusikika wimbo unaojulikana ni upi.

Jumatatu ni siku ya mapumziko ya mama wa vyombo, na mchana huja kwetu. Hukaa kwenye kiti cha dirishani, miguu ameinyoosha kwa sababu ya uvimbe. Jua la saa nane huingia mpaka katikati ya chumba, likaonyesha kila kitu: vumbi la kabati, ufa wa ukuta, mikono yake iliyochunika, mate kwenye kidevu cha mjomba. Hakuna anayejali.

Jumatatu iliyopita mjomba aliupiga wimbo wote, tangu mwanzo hadi mwisho, mara ya kwanza. Alipomaliza alibaki amesimama, anahema. Nilimtazama mama. Alikuwa ameinamisha kichwa, bado anasikiliza, kana kwamba wimbo haujafika mahali pake.

"Pale katikati umepakwepa," alisema.

Mjomba alikiri kwamba ni kweli. Meno yaliteleza, akaogopa.

"Rudia, basi."

Akayasukuma meno kwa ulimi, akavuta pumzi, akarudia.