Rasi Iliyokatika

Kwa wiki tatu Emmanuella alichora rasi moja tu. Ilikuwa kwenye kisiwa kisicho na watu, kusini kabisa mwa dunia, mahali ambapo mawingu hukaa kama yamelipa kodi. Yeye, mzaliwa wa Likasi, alikuwa mchora ramani wa kampuni ndogo ya atlasi za shule huko ughaibuni, mtaani Schaerbeek.

Katika picha mia mbili za satelaiti, moja tu ilionyesha ardhi, nayo ikamvuruga akili. Ramani ya zamani ilionyesha rasi imeungana na kisiwa kwa shingo ya barafu. Pichani shingo haikuwepo. Maji meusi yalipita katikati. Akachora alichokiona.

Mkuu wake, papa Tshibangu, akairudisha na wino mwekundu. Mara ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

"Bon, Emmanuella, ulikata tena rasi?"

"Hapana miye, papa. Ni bahari ndiyo ilikata."

"Picha moja tu! Labda ni kivuli."

Emmanuella akamwandikia mtafiti aliyepiga kambi kule mwaka uliopita. Siku tisa kimya. Kila asubuhi alifungua barua pepe kabla hajavua koti, akakuta matangazo ya viatu. Siku ya kumi jibu likaja: walivuka pale kwa boti ya mpira, na kina walichopima kilikuwa mita kumi na moja.

Akalipeleka mbio. Papa Tshibangu alisoma, akavua miwani.

"Donc una haki. Lakini kurasa zilisha kwenda kwa muchapaji jana."

"Jana? Na ulijua niko nangojea jibu!"

"Kule hakuna muntu, maman. Nani atalalamika?"

"Mutoto atafungua kitabu, ataona rasi. Ni kisiwa, papa. Kisiwa!"

"Tutasahihisha toleo lingine. Kisha quatre ans, miaka ine."

"Alors, toa jina yangu kwa ule ukurasa."

Papa Tshibangu alimtazama, akainua simu, akampigia mchapaji. Kumbe jina lilikuwa bado linafutika; dakika mbili tu. Emmanuella alisimama mlangoni akisikiliza linavyotajwa herufi kwa herufi, m mbili, l mbili, kusudi wasikosee kulifuta.

Kisha akashuka kungoja tramu, na ilipofika akaiacha ipite. Alikuwa na hasira mno hata asingeweza kukaa kitako.