Ifute Vizuri

Mtaani walimbandika mzee huyo jina la Wakubwa, kwa sababu hakuna baya lililotokea asiwatupie wakubwa lawama. Maji yakikatika, wakubwa. Mbu wakizidi, wakubwa. Mkewe alipofia wodini huku daktari mkuu yuko kikaoni, alisema hivyo hivyo, na siku hiyo hata waliozoea kumcheka walimpa pole.

Sasa alikuwa anaingia kwa fundi na kompyuta ya nyumbani kifuani, kaifunga kwa shuka. Ndani ya sanduku lile mlikuwa na sauti ya marehemu mkewe: masomo ya ushonaji aliyowarekodia wanafunzi wake kwa video. Kwingine haikuwepo. Kila asubuhi mzee aliiwasha, chai ikapoa akisubiri, mpaka amsikie akisema, "Geuza kitambaa, haya, taratibu." Lakini wiki hii diski ilianza kukwaruza kama panya darini, na jana ile sauti ilikwama katikati ya neno.

"Imechoka, baba," fundi alisema baada ya kuitegea sikio. Alikuwa mama mnene mchangamfu, miwani kaipandisha juu ya paji la uso. "Umeme wa kukatika-katika ndio umeimaliza."

"Wakubwa hao! Wao wana majenereta yao."

"Wao wana majenereta, wewe una mimi. Tukuwekee SSD, diski ya kisasa." Akaweka mbili mezani. "Hii nyembamba kama kipande cha rula ndiyo yenye mbio kuliko zote. Hii bapa, mbio zake za wastani."

"Nipe yenye mbio."

"Pa kuichomeka huna. Mashine yako ya enzi za babu. Chukua bapa, kwa ulikotoka, utadhani umepanda ndege."

Mzee akaigeuza kiganjani. Nyepesi mno, haina hata uzito wa kuaminika.

"Humu ndani kinazunguka nini?"

"Hakuna kinachozunguka."

"Na ikitaka kufa, itapiga kelele?"

"Hizi hazina kelele. Mara nyingi zinanyamaza tu."

Hata mkewe alinyamaza tu. Aliomba maji, na maji yalipofika hakukuwa na wa kuyanywa.

"Nitahamishia vitu vyako kwenye mpya," fundi aliendelea, bisibisi tayari mkononi. "Nikimaliza, hii ya zamani niifute?"

Mzee akaitazama diski fundi alipoichomoa: vumbi, utando, nywele za paka. Aibu ikamshika. Marehemu asingekubali kitu chake kitoke nje vile.

"Ifute, mama. Ifute vizuri."

Akatoka kukaa kwenye benchi la nje, maana kuangalia hakuweza. Aliporudi, mstari wa kijani ulikuwa unatambaa kwenye kioo cha kompyuta ya fundi. Diski ya zamani ililala pembeni na waya wake, vumbi lile lile, nywele zile zile.

"Mbona hujaifuta?"

"Si ndiyo naifuta, baba? Imefika nusu."

"Kwa kitambaa gani?"

Fundi akashusha miwani. "Kitambaa cha nini? Nafuta vilivyomo. Si umesema nifute vizuri?"

Mzee akashika ukingo wa meza. "Vumbi! Nilisema vumbi, mama wee!"

Fundi akaung'oa waya. "Tulia. Nilihamisha kwanza."

"Vyote?"

"Vilivyokubali. Ilikuwa inagoma-goma njiani."

Akaichomeka mpya kwenye mashine ya mzee, akabonyeza. Kioo kikawaka papo hapo. Mzee hakuwa tayari. Alikuwa amezoea kuogopa polepole.

"Unavyovitaka vimeandikwaje?" fundi akauliza.

"Masomo."

Fundi akafungua la kwanza. Picha ikaja, mikono ya marehemu juu ya cherehani, lakini kimya. La pili, kimya. La tatu, mikono inakwenda, midomo inakwenda, kimya.

"Umemuua mara ya pili," mzee alinong'ona.

"Ngoja, ngoja, baba... Sijachomeka spika!" Akaichomeka.

"...na wewe mume wangu," sauti ikalipuka chumba kizima, "usinipitie mbele ya kamera na bukta hiyo!"

Fundi akacheka mpaka akajifuta macho. Mzee hakucheka. Fundi aliponyoosha kidole kuzima, mzee akamdaka mkono.

"Usizime."

"Utaibebaje inawaka?"

"Kwanza niwekee nakala kwenye nyingine. Leo hii."

"Nayo ya mbio?"

"Ya kobe. Ya konokono. Yoyote, mradi wawe wawili."

Fundi akaenda duka la pili kuitafuta. Mzee akabaki peke yake, kiganja juu ya sanduku kama mtu anayempima mgonjwa homa, akimkemea kila aliyesogea mlangoni, ulikopita waya wa umeme:

"Pita mbali! Usiukanyage huo waya!"