Viti Arobaini

Mshauri wa wanafunzi alipanga viti arobaini ukumbini, akabandika karatasi mlangoni: "Saa nne, njooni mtuambie chuo kiwafae vipi." Saa nne ikafika, ikapita. Hakuja hata mmoja. Akakaa peke yake na hasira za kuujaza ukumbi, akamwandikia mkuu wa chuo ripoti: wanafunzi hawa ni sikio la kufa, halisikii dawa.

Saa sita, alipokuwa akirudisha viti, akapita binti mmoja wa ufundi magari, mikono imejaa grisi.

"Wewe, mbona hamkuja?"

"Shikamoo, mama. Saa nne mpaka saa sita sote tuko karakana. Ukikosa siku mbili, hufanyi mtihani."

"Si mngesema?"

"Tungesemea wapi, mama? Ofisi yako nayo hufunguliwa saa nne, ikafungwa saa sita."

Mshauri akaitoa ripoti mfukoni. Ratiba ya karakana aliichapa yeye mwenyewe, mwaka wa tatu huu. Akaichana ripoti taratibu.

"Haya, mwanangu. Nyinyi mnapata nafasi saa ngapi?"

Binti akamtazama kama mtu anayetegwa. Kisha akajifuta mikono, akavuta kiti, akakaa.