Kunguru wa Siku ya Kumi

Kunguru alikataa kula. Ilikuwa siku ya kumi tangu ndugu yangu Tatya afariki, nasi tulikuwa tumeweka tonge la wali na ufuta juu ya jiwe, kando ya mto Krishna. Kunguru akakaa juu ya ukuta wa hekalu akitutazama kama mkwe ambaye mahari yake haijatimia.

Kwetu kunguru akiligusa tonge, marehemu ameridhika na ameshika njia yake. Asipoligusa, kuna jambo limemfunga hapa, na walio hai inabidi waunganishe viganja mbele ya lile tonge na kuahidi, mmoja mmoja, mpaka itajwe ahadi anayoitaka. Mimi macho yangu yana ukungu wa uzee, na kunguru nilimwona kama doa jeusi tu. Lakini masikio yangu ni mazima. Ukinisengenya chumba cha tatu nasikia, na katika nyumba ile nilisengenywa sana.

Alianza Hanmant, mwana pekee wa Tatya, kichwa kimenyolewa kinang'aa. "Baba, nitamtunza shangazi."

Kunguru hata hakujikuna. Nami nilimwelewa. Anitunze yeye? Mimi nilirudi nyumbani kwa ndugu yangu nikiwa mjane kijana, na huyo Hanmant nimemwogesha mwenyewe tangu mama yake alipofariki.

Rafiki mmoja wa marehemu akaongeza ugoro kando ya tonge. Mwingine akaleta chai yenye tangawizi nyingi, kisha bajia za vitunguu, ambazo kwa ajili yake Tatya angeweza kuuza nyumba. Kunguru akageuza shingo. Kuhani alikuwa ameshaanza kusuka kunguru wa majani, yule wa kudanganyia, anayegusishwa tonge pale wa kweli anapogoma.

"Jua linapanda, jamani," alisema. "Nina marehemu wengine wawili wananingoja."

Hapo Hanmant akapaza sauti: "Baba, kiti hakitatoka nyumbani kwetu!"

Tatya alikuwa diwani wa kata yetu kwa miaka mingi. Uchaguzi wa baraza la jiji ulikuwa mlangoni, na safari hii kiti chetu kilikuwa zamu ya wanawake. Kila mtu aliyekuwa pale mtoni alielewa kuwa Hanmant anamzungumzia mkewe, Shaila. Shaila mwenyewe alikuwa kando yangu, ushungi wa sari umemfunika mpaka kwenye nyusi. Wakati ule ule mumewe anapiga kelele, nilimsikia akinong'ona, pumzi tupu: "Baba, mtaro utafunikwa."

Kunguru akashuka, akadona.

Watu walilia kwa furaha. Hanmant alilia kuliko wote, maskini, na sikumcheka. Kabla ya jioni kata nzima ilikwishajua kwamba Tatya, kutoka huko aliko, amemwagiza mkwewe agombee. Hakuna aliyejua kwamba ahadi zilikuwa mbili, ila Shaila na mimi. Na kunguru.

Mtaro wenyewe uko mtaa wa chini, kwa mafundi ngozi na wafagiaji. Ulikuwa wazi, mpana, umepakana na njia ya kwenda shule. Misimu miwili ya mvua kabla ya hapo maji yalifurika yakafunika njia na mtaro pamoja, na mtoto mmoja, Chaya, hakuona njia inapoishia. Maiti yake waliitoa mtaroni kule kwenye kinu cha unga, mkoba wa shule ungali mgongoni. Tatya alikuwa ameahidi kuufunika mtaro ule katika kampeni mbili. Alipokwenda kutoa pole, Mangal, mama wa mtoto, hakulia wala hakutukana. Alisema tu, "Diwani, ulisema utaufunika."

Tangu siku hiyo ndugu yangu hakupata usingizi. Alfajiri alikuwa akiniita, "Akka!" Ndivyo alivyoniita tangu utotoni kwa kuwa mimi ni dada mkubwa, na mtaa mzima ukamfuata. "Akka, maji yanapita chini ya kitanda." Nilikuwa nikiinama nikipapasa sakafu. Kavu. Nikimwambia kavu, aliniomba nipapase tena. Mara ngapi nilimwambia aufunike huo mtaro alale! Alijibu kesho, na kesho yake ikawa moyo kusimama.

Tulikifunga chumba chake baada ya mazishi. Basi asubuhi iliyofuata ile siku ya kumi nilikuwa napita ukumbini na shanga zangu za sala, nikayasikia hayo maji. Yalipita polepole nyuma ya mlango uliofungwa, yakigonga kitu na kukizunguka. Niliita watu wafungue kufuli. Sakafu ilikuwa kavu. Hanmant akaniambia, "Shangazi, masikio nayo yameanza kuzeeka." Nilimtukana, kisha nikainama nikapapasa sakafu tena.

Kampeni ikaanza. Alama ya Shaila ilikuwa feni. Mangal naye akajitosa, hana chama wala gari, alama yake cherehani, na kweli ndiyo kazi yake, kushona blauzi. Mabango yetu yalijaa uso wa marehemu na uso wa Hanmant. Shaila aliwekwa kwenye kona, mdogo kama stempu. Mikutanoni walimvika mashada wakamkalisha, na Hanmant ndiye aliyehutubia.

"Kura kwa Shaila ni kura kwa Baba!"

"Na Shaila mwenyewe ana ulimi?" mwanamke mmoja alipiga kelele kutoka nyuma. "Au feni yenu haizunguki mpaka mume awashe?"

Watu wakaangua kicheko. Nilicheka na mimi, ndani ya ushungi.

Siku moja wakati wa chakula Shaila aliuliza, huku akimwekea mumewe mkate wa mtama, "Tukishinda, mtaro tutaanza lini?"

"Mtaro gani tena? Kwanza tunajenga lango. Pale mwanzo wa barabara, zege tupu, jina la Baba juu na uso wake pande zote mbili. Nimeshaongea na mkandarasi."

"Na watoto wa mtaa wa chini?"

"Mtaro ule umekuwepo kabla hatujazaliwa, Shaila. Leta chatne."

Akaleta chatne. Nilimsikia akisaga meno.

Kunguru alikuwa akija dirishani mwa jiko kila asubuhi. Tulimtengea kipande cha mkate, kama tunavyofanya siku zote, lakini hakula. Alikaa tu, akitazama ndani. Shaila alijaribu kumwekea sukari guru, hata bajia. Siku ya mwisho kabla ya kura alisimama na mkate mkononi, unga umemjaa hadi kwenye viwiko, akaniuliza bila kugeuka:

"Shangazi, wewe husikii maji chumbani kwa Baba?"

Nilidhani nimebaki nayo peke yangu. "Nasikia, mwanangu."

"Hanmant anasema ni bomba la jirani."

"Jirani hana bomba upande ule. Ana ng'ombe."

Akauweka mkate dirishani. "Siku ile mtoni, alishuka kwa neno la nani? Langu au la Hanmant?"

"Ningejua, ningelala."

"Kama ni la Hanmant, nikishindwa Baba hatapumzika. Kama ni langu, nikishinda hatapumzika. Lango litajengwa, mtaro utabaki, naye atakuwa humo majini milele, Shangazi, na yule mtoto." Akaanza kulia, akijifuta kwa mkono wenye unga.

Nilimwambia ahadi ni deni na yake anaijua mwenyewe. Maneno ya wazee, rahisi kusema ukiwa umekaa chini.

Siku ya kura walitaka kunipa mtu wa kuniongoza kwenye mashine kwa ajili ya macho yangu. Nikakataa. Nimeshikwa na upofu, sijashikwa na ujinga. Feni ilikuwa kitufe cha kwanza kutoka juu; nilikipapasa, nikabonyeza, mashine ikalia mlio wake mrefu. Nikatoka nikiwa na wino kidoleni na kiburi usoni. Shaila akaingia baada yangu.

Alikawia humo. Karani akakohoa. Foleni ikaanza kunung'unika, mtu mmoja akauliza kama humo ndani kuna mtu anapika. Mimi nilisimama mlangoni nikingojea mlio, na nilipousikia hatimaye, nilisikia na pumzi yake ikitoka, kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Alipokuja kunishika mkono, vidole vyake vilikuwa baridi. "Twende, Shangazi," alisema. Hapo nikajua.

Hesabu ilisomwa siku iliyofuata. Mangal alitushinda kwa kura moja.

Hanmant alidai ihesabiwe tena. Ikahesabiwa. Moja. Wapambe wetu waliokuwa wameshanunua fataki na unga wa rangi nyekundu walikaa uani wakiwa wamenuna, na Hanmant akazunguka katikati yao kama fahali aliyekatwa mkia.

"Moja!" alisema. "Angekuwa mgeni asingeniuma. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni mtu wa humu ndani."

Nilisikia kimya kikigeuka na kunielekea.

"Shangazi," akasema polepole, "ulibonyeza kitufe gani?"

"Cha kwanza."

"Una hakika? Kwa macho hayo?"

Shaila alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Vikombe vilikuwa vinagongana. Alivuta pumzi ili aseme, na mimi nikaona kitakachofuata: mbele ya wanaume wote wale, na mumewe katika hali ile. Nilimpenda yule msichana. Nikawahi.

"Labda kidole kiliteleza," nikasema.

Tangu siku hiyo Hanmant hakuniamkia. Chakula aliniletea Shaila peke yake. Watoto wa barabarani wakanipa jina, Bibi Kura Moja, na muuza mboga akawa ananiuliza kila siku, "Akka, hiki ni kitunguu, au leo unachagua kiazi?" Nilicheka nao. Kicheko kikiisha, kiliuma. Shaila alikuja kunishika miguu akitaka kusema ukweli, na kila mara nilimwambia asubiri.

Mangal hakusubiri. Kabla ya mvua alikuwa ameshaweka vifuniko vya zege kwenye mtaro, kuanzia shuleni hadi kwenye kinu. Siku kilipowekwa cha mwisho nilipita ukumbini alfajiri, nikatega sikio kwenye mlango wa Tatya. Kimya. Nilikaa chini pale pale nikalia, maana nilijua sasa neno lililomshusha kunguru. Mvua zikaja, maji yakapita chini ya zege, watoto wakapita juu.

Kilichonishangaza ni kunguru mwenyewe. Aliendelea kuja dirishani, na bado hakula.

Mwaka wa kifo cha Tatya ulipotimia tuliweka tonge juu ya jiwe, na bajia na chai kando yake, kwenye paa bapa la nyumba. Ndugu walikuja, wapambe walikuja, kuhani yule yule alikuja na majani yake mfukoni. Kunguru akatua kwenye tangi la maji, akagoma.

"Baba," Hanmant akasema, "uchaguzi ujao kiti kitarudi. Nakuapia."

Kunguru kimya.

"Baba, lango nitalijenga kwa njia yoyote."

Kimya. Jua likatuchoma. Hanmant akashindwa kujizuia: "Baba, kama una hasira, ujue si mimi. Ni dada yako ndiye aliyetuangusha."

Nikasikia mabawa. Kunguru aliondoka kwenye tangi akaenda mbali zaidi, kwenye nyumba ya jirani. Kuhani akaguna na kutoa majani yake.

"Weka hayo majani," Shaila akasema.

Alipita mbele yetu akaufunua ushungi, nywele zikabaki wazi mbele ya wanaume wote. Sauti yake ilitetemeka mwanzoni tu.

"Baba, mtaro umefunikwa. Nilikuahidi mtoni, na ahadi hiyo nisingeweza kuitimiza nikiwa kwenye kiti. Nilibonyeza cherehani. Shangazi amebeba mzigo wangu muda wote huu, na leo nautua. Kidole kilikuwa changu."

Nilimsikia Hanmant akipiga hatua moja kumwelekea mkewe, na hatua ile ilikuwa na ngumi ndani yake.

Kisha mabawa yakapita juu ya kichwa changu, karibu kiasi cha kupepea ushungi wangu. Doa jeusi likatua juu ya jiwe. Likadona, likadona tena. Alikula tonge lote, akala na bajia, akanywa hata chai, huku mwanamume mzima amesimama na mkono hewani, hajui aupeleke wapi. Atamgombeza vipi? Baba yake ameshakula.

Kunguru aliporuka, Hanmant alikuja nilipokaa. Akachutama. Nilihisi vidole vyake kwenye miguu yangu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya hesabu, na maji ya moto yakanidondokea juu ya unyayo.

"Shangazi," akasema, "mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia?" nikamwuliza.

Akanishika mkono kuniinua. Shaila akaja akanishika mkono mwingine, wakaniteremsha ngazi wote wawili, polepole.